Bilauri Tano za Hombolo

I

Hakuna aliyekaa. Viti themanini vya ukumbi wa Ushirika wa Wakulima wa Zabibu wa Hombolo vilikuwa vimepangwa tangu alfajiri, lakini watu waliokuja kuvikalia walisimama nyuma yake, mikono juu ya maegemeo, macho mbele. Huko mbele, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, palikuwa na bilauri tano, na ndani ya kila bilauri mvinyo mwekundu wa kimo cha vidole viwili.

Perusi Chiloleti alizitazama bila kuzigusa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na kabla yake Hombolo haikuwahi kuwa na mwonjaji aliyeapishwa. Miaka mitatu chuoni alikuwa amefundishwa kutaja harufu mia sita akiwa amefumba macho. Hakuna somo lililomwandaa kusimama mbele ya watu waliomfahamu tangu akiwa na kamasi.

"Ndugu mwonjaji," alisema Mkaguzi Onyancha wa Mamlaka ya Maji, "unaifahamu sheria?"

"Naifahamu."

"Hata hivyo nitaisoma. Ndiyo kazi iliyonileta." Akainua karatasi. "Mmea ambao tunda lake, au kinywaji cha tunda lake, kinaweza kufumwa pasipo mwonjaji kutambua tofauti, hautapewa maji ya umma. Bilauri moja kati ya hizi imetoka kwenye chupa. Nne zimetoka kwa Mfumaji. Ukiitambua ya chupa, mizabibu yenu itapata maji kwa miaka thelathini. Usipoitambua, mita zitafungwa mwisho wa mwezi."

Mfumaji mwenyewe alikuwa kwenye kona, sanduku la kijivu lenye ukubwa wa kabati la vyombo, likinguruma taratibu. Lilipewa kikombe kimoja cha kinywaji chochote, nalo lilikisoma molekuli baada ya molekuli. Kisha, kwa saa tatu, lilijenga kinywaji hichohicho kutokana na maji, hewa na unga wa aina arobaini. Ndoo moja ya maji ilitosha kutoa mvinyo ambao shambani ungekunywa bwawa zima. Katika mwaka huo wa 2121, mvua zilipokuwa zimepungua kuwa tetesi, hesabu hiyo ilikuwa vigumu kuipinga. Kahawa ilianguka katika jaribio hili miaka kumi na mmoja iliyopita. Karafuu ilifuata. Wajukuu wa wakulima wake sasa waliinunua ladha hiyo vibandani, nafuu na isiyo na dosari, na wengi wao hawakuona kilichopotea.

Chupa iliyoletwa kuitetea Hombolo ilikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Kibandiko chake kilichofifia kilikuwa na maneno mawili tu: *Hombolo 2038*.

Perusi aliinua bilauri ya kwanza, akanusa, akaonja. Uchachu ulitangulia, mwili mwembamba ukafuata, kisha hakuna kilichobaki. Ya pili ilikuwa vilevile. Alipoinua ya tatu, mkono wake ulisita kabla haujafika mdomoni.

Ilinukia udongo mwekundu uliochomwa na jua hadi ukakoma kunukia udongo. Nyuma yake zilikuja ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, tumbaku, na asali ya nyuki wadogo. Kisha ukakasi ukalikamata kaakaa, ukalishika bila haraka na kuliachia bila haraka. Alimeza, akahesabu moyoni kama alivyofundishwa. Alifika hamsini na ladha ilikuwa bado ipo, imesimama wima.

Alizionja mbili zilizobaki kwa ajili ya heshima tu.

"Ya tatu," akasema.

"Una haki ya kuonja tena."

"Sihitaji, Bwana Mkaguzi. Huu ni mvinyo. Hizo nne ni maji yaliyosimuliwa habari za zabibu."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kilimpanda Perusi kichwani upesi kuliko mvinyo. Onyancha aliigeuza bilauri ya tatu na kuuonyesha umati kitako chake. Palikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa CHUPA.

Vigelegele viliyafanya mabati ya paa yaitikie.

II

Baba mdogo Ndahani alikuwa mtunza ghala wa ushirika. Perusi alimkuta kwenye chumba cha nyuma akizifuta chupa mbili kwa kanga kuukuu, huku akiimba kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisifu.

"Karibu, daktari wa ulimi," akasema. "Nilipomwambia baba yako kwamba kukusomesha kunywa pombe ni hasara, nilikuwa nakutania tu."

"Ulikuwa hutanii, baba mdogo."

"Nilikuwa sitanii. Lakini leo nakutania."

Perusi alicheka, akaivuta moja ya chupa. Alitaka kuiweka katika chumba chake, aitazame kila asubuhi. "Hii ndiyo ya leo?"

"Hiyo ndiyo ya leo, ina nusu bado. Ile nyingine ni ya jana, aliyonyweshwa Mfumaji ajifunze."

Perusi aliziweka zote mbili dirishani. Vibandiko vilikuwa pacha. Shingoni, hata hivyo, mabaki ya nta hayakufanana: ya leo yalikuwa na wekundu wa matofali, ya jana yalikuwa ya kijivu.

"Nta hizi mbona ni mbili?"

"Majivu na udongo," alijibu Ndahani, bado akifuta. "Chupa za mavuno ya kifuku, za mvua za mwezi wa tatu, walizifunga kwa nta yenye majivu. Za kiangazi, za mwezi wa tisa, walitia udongo mwekundu. Ndivyo bibi zako walivyozijua."

"Kwa nini hawakuandika?"

Ndahani alimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini watu hawaandiki jina la mlango juu ya mlango. "Wamwandikie nani? Nani hapa asiyejua kwamba mzabibu wa Hombolo unachumwa mara mbili kwa mwaka? Wewe uliniambia nilete 2038, nikaleta 2038. Zilikuwa nne kabatini. Nilichukua mbili zilizokuwa mbele."

Perusi alikaa juu ya kreti. Nje, ngoma ilikuwa imeanza.

Katika vitabu vyote alivyovisoma, mwaka wa mvinyo ulikuwa na mavuno mamoja. Watu walioitunga sheria ya jaribio walitoka kwenye nchi za namna hiyo, ambako baridi huilaza mizabibu nusu mwaka. Kwao, chupa mbili za shamba moja na mwaka mmoja ni ndugu wa tumbo moja. Hapa hazikuwa ndugu hata kidogo. Zabibu za kifuku zilivimba kwa mvua na kukamuliwa zikiwa laini. Za kiangazi zilipigania kila tone.

"Baba mdogo," alisema polepole, "Mfumaji alifundishwa mvinyo mmoja, mimi nikapewa mwingine. Mtoto yeyote angeona tofauti. Mashine haikushindwa. Haikupigana nasi kabisa."

Kanga ilisimama juu ya chupa.

"Nani mwingine anajua?" Ndahani aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi tunatosha." Akaufunga mlango kwa kisigino. "Sikiliza, mwanangu. Uliulizwa ipi ni ya chupa, ukaonyesha ya chupa. Uko wapi uongo hapo? Umeapa kusema ulichokionja, na ndicho ulichokisema. Mimi mifereji ile nimeichimba kwa mikono hii tangu sijaota ndevu. Sasa nimeoteshwa mvi nikingoja hawa watu waje na karatasi yao. Wamekuja na sheria wasiyoielewa, imewaangukia wenyewe. Acha iwaangukie."

Kila neno lake lilikuwa kweli. Kupitia dirishani aliiona mistari arobaini ya mizabibu ikishuka hadi ukingo wa bwawa lililonywea, na kwenye kichwa cha kila mstari mita ndogo ya shaba, ikizunguka. Aliweza kuzihesabu siku zilizobaki za mwezi kwa vidole vya mikono miwili.

"Nikinyamaza," alisema hatimaye, "nitakuwa nimekubali kwamba mvinyo wetu hauwezi kushinda wenyewe. Hakuna atakayejua. Lakini mimi, kila maji yatakapopita mferejini, nitasikia hilo tu."

"Unasikia sana," alisema Ndahani kwa uchungu. "Ndiyo hasara yenyewe niliyomwambia baba yako."

Hata hivyo, aliufungua mlango.

III

Mkaguzi Onyancha alimsikiliza bila kumkatiza, kalamu yake ikiwa juu ya fomu ambayo haijatiwa saini. Alikuwa mtu mrefu, mchovu, aliyekwisha kuzifunga mita katika wilaya tisa.

"Mara mbili kwa mwaka," alirudia. "Na chuoni hawakufundisha hilo."

"Mwalimu wangu aliniambia ninachanganya kuchuma na kupogoa."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. "Dada, fahamu kwamba ukilisema hili rasmi, siwezi kujifanya sikusikia. Jaribio litafutwa. Mvinyo uliobaki kwenye chupa yako atanyweshwa Mfumaji, na saa tatu baadaye utakutana naye tena. Safari hiyo atakuwa ameujua hasa. Nimesimamia majaribio sitini na mawili. Waonjaji walioshinda ni watatu."

"Nimeelewa."

"Basi nifuate."

Alimpeleka mbele ya watu. Ngoma ikanyamaza. Perusi alieleza yote: nta, misimu, chupa mbili, ushindi ambao haukuwa ushindi. Alipomaliza, sanduku la kijivu lilikuwa bado likinguruma kwenye kona.

Mama Loi Sechambo, mwenyekiti wa ushirika, alisimama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumsikia akiipandisha.

"Perusi, umetuuliza?"

"Mama?"

"Maji yale ni ya kaya mia moja na nne. Umeyaweka mezani tena, mikononi mwa mkaguzi, kisha ndipo umekuja kutuarifu. Nauliza, umetuuliza?"

Hilo Perusi hakuwa amelifikiria. Alikuwa amepima kiapo chake, heshima yake, usingizi wake.

"Sikuwauliza, mama. Nilikosea. Ningalipaswa kuja kwenu kwanza."

"Ulikosea kweli." Mama Loi aliwageukia watu, akawatazama mmoja mmoja. Walikuwapo waliokuwa wakilia waziwazi. "Nami nasema hivi, na asiyekubali aseme hapahapa. Laiti angetuuliza, tungebishana hadi jioni, kisha tungemjibu nini? Kwamba afiche? Kwamba kesho watoto wetu wafundishwe kwamba mashine ililishwa chupa siyo? Mama yangu alikanyaga zabibu zile kwa miguu yake. Hakuwa anatengeneza kitu cha kushinda kwa kubahatisha." Akamgeukia Onyancha. "Mfundishe mtu wako, Bwana Mkaguzi. Mfundishe vizuri."

Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyepiga kigelegele pia. Mama Loi alipopita karibu na Perusi hakumtazama.

IV

Saa tisa alasiri bilauri tano zilirudi mezani. Safari hii watu walikaa, maana miguu ilikuwa imewachoka.

Perusi alionja ya kwanza. Udongo uliochomwa ulikuwepo. Ngozi, tumbaku, asali ya nyuki wadogo, vyote vilikuwepo kwa mpangilio wake. Ya pili ilikuwa na vyote. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alihesabu urefu wa kila moja, na kila moja ilifika hamsini na kupita. Alitafuta kosa kwenye uchachu, kwenye rangi ya ukingo, kwenye joto la pombe. Hapakuwa na kosa. Mara tano mfululizo mama wa Mama Loi alikuwa amekanyaga zabibu, na mara nne kati ya hizo hakuwepo.

"Una haki ya kuonja tena," alisema Onyancha kwa upole.

Alionja tena. Alirudia mara ya tatu. Midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa ya zambarau, na ulimi ulianza kufa ganzi pembezoni. Nyuma yake kiti kililia, mtu akakohoa, na baba mdogo Ndahani, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kanisani, alikaa kimya.

Kisha akagundua kwamba alikuwa akiuliza swali lisilo lake. Tangu ameketi alikuwa akizilinganisha bilauri zenyewe kwa zenyewe, jinsi alivyofundishwa, akitafuta ile isiyofanana na wenzake. Hakuwa amejaribu kuilinganisha bilauri na nafsi yake.

Aliomba maji, akasukutua, akasubiri. Halafu akachukua bilauri ya kwanza na kunywa mafunda mawili madogo, moja baada ya jingine. Yalikuwa sawa. Funda la pili la bilauri ya pili halikuwa sawa na la kwanza: ukakasi uliofika mapema sasa ulichelewa, na mahali palipokuwa na tumbaku pakapita kitu kichungu kidogo, ganda la chungwa labda, kikatoweka. Alikunywa la tatu. Chungwa halikurudi. Zile nyingine tatu, kila funda lilimrudia mwenzake kwa uaminifu kamili.

Mfumaji alikuwa amekisoma kikombe kizima na kukipatia jibu moja lililo sahihi. Lakini mvinyo uliolala miaka themanini na mitatu haukuwa na jibu moja. Ulikuwa umejitenga humo ndani, tabaka jembamba juu ya tabaka, mashapo yasiyoonekana kwa jicho, na kila funda lilichota mahali pengine. Mashine ilikuwa imeandika wastani wake.

"Ya pili," alisema.

"Sababu, kwa kumbukumbu?"

"Nne zinajirudia. Hii inajibishana na nafsi yake."

Kabla Onyancha hajaigeuza bilauri, Perusi alichukua kalamu na kutia saini chini ya jibu lake. Haikuhitajika. Alitaka jina lake liwepo pale hata kama karatasi ya chini ya bilauri ingekuwa tupu.

Onyancha aliigeuza.

CHUPA.

Kelele zilichelewa kidogo, zikaja zote kwa pamoja. Mama Loi alimshika Perusi mabegani kwa nguvu iliyoumiza, akamwambia sikioni, "Siku nyingine uulize," kisha akamkumbatia.

V

Fomu ilikuwa na nafasi ya mwaka, haikuwa na nafasi ya msimu. Onyancha alichora mstari mdogo pembeni kwa rula na kuandika kwa mkono: *Mavuno ya kiangazi*.

"Kuna jambo," alisema. "Mmenithibitishia wenyewe kwamba hii ni mivinyo miwili. Uliofaulu ni mmoja. Ninaweza kuidhinisha maji ya kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Ya kifuku siwezi. Mngekaa kimya asubuhi, mngepata ya mwaka mzima."

Perusi alihisi macho ya watu yakimjia. Alingoja lawama, na aliona kwamba anastahili.

Ndahani ndiye aliyejibu, akipunga mkono. "Futa tu, mkubwa. Ule wa kifuku tulikuwa tunawapa wakwe na mafundi. Si wa kutetewa. Ni maji tu yale."

Watu walicheka kwa ahueni. Perusi hakucheka. Maneno hayo aliyajua. Aliyasema yeye asubuhi ile, kwa madaha zaidi, mbele ya watu walewale. Zile bilauri nne alizozidhihaki hazikuwa kushindwa kwa Mfumaji. Mashine ilikuwa imenakili kwa uaminifu kile ilichopewa, na kilichopewa ni jasho la wanawake walewale, miezi sita kabla. Aliitukana kazi ya mikono yao huku akidhani anaitetea.

Sinia ya zile bilauri nne za asubuhi ilikuwa bado kwenye meza ya pembeni. Alichukua bilauri moja na kuinywa tena, safari hii akiwa anajua ni nani anayezungumza naye. Ilikuwa chachu, ndiyo. Lakini uchachu ule ulikuwa wa tunda lililochumwa mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yamerudi, na mtu mmoja alilazimika kuamua siku hiyohiyo. Wembamba wake ulikuwa wembamba wa kinywaji cha saa sita mchana, cha watu ambao kazi yao haijaisha. Nyuma kabisa, mahali ambapo asubuhi hakupajali hata kidogo, palikuwa na harufu ya majani yaliyolowa. Katika Hombolo ya leo, mtu wa rika lake alikuwa ameinusa harufu hiyo labda mara nne maishani.

"Baba mdogo, zile chupa mbili zilizobaki kabatini ni za nta gani?"

Ndahani alikunja uso akikumbuka. "Majivu. Zote mbili."

Perusi aliwageukia wakulima, si mkaguzi. "Mama Loi, wazazi wangu, sasa nauliza. Chupa mbili zinatosha jaribio moja. Ninaomba ruhusa yenu niutetee na huu. Unaweza kunishinda. Ni mwepesi, hauna matabaka ya kujificha ndani yake, na sioni bado ni kwa njia gani nitautambua. Lakini asubuhi nimeuita maji, na sitaki jambo hilo liwe neno la mwisho lililosemwa juu yake katika nyumba hii."

Mama Loi alimpokonya bilauri, akaonja, akaifikiria.

"Mama yangu aliupenda huu kuliko ule," alisema. "Alisema ule wa kiangazi unajisikia." Akampa Ndahani, Ndahani akampa jirani, na bilauri ikaanza safari yake taratibu kutoka mkono hadi mkono kwenye viti themanini, kila mtu akichukua tone.

Onyancha alisubiri hadi iliporudi tupu. Kisha akavuta fomu nyingine safi, akachora mstari mwingine pembeni kwa rula.

"Haya," alisema. "Nisomee jina lake kamili."

Perusi alisimama wima.

"Hombolo," akasema, "elfu mbili thelathini na nane. Mavuno ya kifuku."